Kuezua na Kuezeka

Alang-alang ni magugu. Mkulima aliyewahi kupambana nayo, awe wa Java au wa huku kwetu Afrika Mashariki ambako nayo yamo, anaujua ubishi wake: ukiyafyeka yanachipua, ukiyachoma yanachipua kwa kasi zaidi, kwa sababu uhai wake umo katika mizizi inayotambaa chini ya udongo, yenye ncha kali ya kutoboa hata kiazi. Wataalamu wa mimea huyaita Imperata cylindrica na kuyaweka miongoni mwa magugu sumbufu kuliko yote duniani. Katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, magugu hayo ndiyo yanayoezeka vyumba ambavyo malipo yake ya usiku mmoja yangemlisha mkulima huyo kwa miezi.

Nimelala chini ya paa la aina hiyo, katika hoteli ya vila iliyo ukingoni mwa bonde la mto Ayung, magharibi ya mji wa Ubud. Ni hoteli iliyozeeka. Jina lake naliacha, maana kasoro zake zinapatikana katika hoteli nyingi za rika lake, na sifa nitakazozitoa ni za mafundi wa vijiji vya jirani zaidi kuliko za mwenye hoteli. Kila vila ina ukuta wake, lango lake jembamba, ua wake, bwawa dogo, na banda la kulala lenye paa refu la nyasi linaloshuka hadi karibu na utosi wa mtu mzima. Mvua za miaka mingi zimepita juu ya vyote hivyo. Mawe ya bafu la nje yamevaa kuvumwani ya kijani. Nyasi za paa, ambazo zikiwa mpya huwa na rangi ya asali, zimeiva zikawa kahawia, na kwenye pindo za chini zinakaribia weusi. Mlango wa mbao huvimba mvua zikishika, ukalazimika kuusukuma kwa bega. Kizingiti kimelika katikati, pale ambapo kila mgeni hukanyaga.

Wako wageni wasioipenda hali hiyo. Asubuhi moja, wakati wa chai, nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba hoteli imechoka, na kwamba kwa bei ile alitarajia kila kitu kiwe kipya. Alikuwa ameupa mgongo upande wa pili wa bwawa kubwa, ambako kundi la wanaume walikuwa juu ya banda la wapiga muziki wa gamelan, wakiliezua. Kilichokuwa kikitendeka nyuma ya mgongo wake kilikuwa na thamani kuliko vyote alivyolipia, naye hakugeuka kukitazama.

Mimi niliwatazama hadi jua la utosi, na kesho yake nikarudi. Kuezua huanzia kileleni, kwa kuwa safu ya juu ndiyo inayozilalia za chini. Kamba zinakatwa, mafungu yanatupwa chini, vumbi jeusi linatanda. Niliokota fungu moja. Upande wa nje ulikuwa umeoza, ukasagika mkononi. Lakini chini ya unene wa vidole vichache nyasi zilikuwa kavu na ngumu, rangi yake ile ile ya siku ziliposhonwa. Mvua yote ya miaka hiyo haikuwahi kuvuka pale. Maji yaligonga nyasi za juu, yakafuata mteremko wa jani hadi jani, yakaangukia changarawe chini, na aliyelala ndani alisikia mvumo tu. Chini ya bati mvua kubwa humnyima mtu usingizi na mazungumzo. Chini ya nyasi watu huendelea kuongea.

Kazi ya paa jipya huanza mbali na paa lenyewe. Nyasi zikishakatwa huanikwa, kisha huchambuliwa na kuchanwa ili majani mafupi na malaini yaanguke, yabaki yale marefu yaliyokomaa. Fundi huchukua kishikio kimoja baada ya kingine, akakikunja juu ya ufito wa mwanzi uliopasuliwa, akakishona kwa uzi, hadi ufito mzima ukageuka pazia la nyasi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwani ndivyo kuti linavyoshonwa Tanga, Kilifi na Unguja, ila kwetu ni jani la mnazi. Mapazia hayo hupandishwa juu na kufungwa kwenye fito kuanzia chini kwenda kileleni, kila moja likilala juu ya mwenzake.

Uaminifu wa fundi unapimwa katika umbali kati ya ufito na ufito. Akizibananisha fito, pazia moja juu ya jingine kwa vidole vichache tu, paa huwa nene na zito, hula nyasi nyingi, na huweza kupita miaka 10 kabla ya kudai kuezuliwa. Akiziachanisha kidogo, anaokoa nyasi, anaokoa siku za kazi, na aliye chini hawezi kujua lolote mpaka mvua ya miaka michache ijayo. Nimeona mapaa ya namna hii ya pili katika nyumba za kupangisha zilizojengwa kwa haraka kandokando ya barabara za Bali ya kusini. Yanapendeza kwenye picha. Ukisimama ndani adhuhuri utaona vijitundu vya mwanga.

Mteremko nao una sheria yake. Nyasi hazizuii maji kwa kuyafungia njia, huyafukuza yashuke kabla hayajapata nafasi ya kuzama. Paa likilala sana, maji yanazubaa na nyasi zinaoza. Ndiyo maana mapaa ya Bali yana kimo kile kinachomshangaza mgeni, kikubwa mara nyingi kuliko kimo cha nguzo zinazoyabeba. Urefu huo pia hupandisha joto juu, mbali na mwili wa mlalaji, na hewa ya moto hupenya na kutoka kupitia nyasi zenyewe.

Halafu kuna upande wa ndani, ambao ndio ulioyanasa macho yangu usiku baada ya usiku. Dari haipo. Makombamoyo ya mianzi, ambayo Wabali huyaita iga-iga, hupanda kutoka pande zote nne na kukutana kileleni kwenye kipande kimoja cha mti kilichochongwa, petaka. Kila kifundo cha kamba unakiona. Kila pazia la nyasi unaweza kulihesabu kwa fito zake. Ukilala chali, kazi yote ya fundi iko mbele yako, na yeye alijua tangu mwanzo kwamba hana mahali pa kuficha kosa. Sijui kipimo kingine cha ujenzi kilicho kikali kuliko hicho. Nyumba nyingi ninazozifahamu, zikiwemo za gharama, zina dari ya jasi hasa kwa ajili ya kuficha yaliyo juu yake.

Mbali na waezekaji yuko undagi, ambaye ni mjenzi, mchora ramani na kwa kiasi fulani mtu wa ibada, yote kwa pamoja. Elimu yake imo katika maandiko ya kale yanayojulikana kama Asta Kosala Kosali, yaliyoandikwa kwenye majani ya lontar, mti wa jamii ya mitende. Nyumba ya Kibali hupimwa kwa mwili wa mwenye nyumba: urefu wa mikono iliyonyooshwa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, upana wa kidole, ngumi yenye dole gumba lililosimama, unyayo. Vipimo hivyo huhamishiwa kwenye kijiti cha mwanzi, gegulak, na kutoka hapo kila kitu hupatikana: unene wa nguzo, urefu wake, nafasi kati ya banda na banda. Kila kipimo huongezewa kidogo, kipande ambacho hesabu haikukidai, ili jengo lipate uhai. Nguzo isiyo na nyongeza hiyo ni mti uliokatwa tu.

Sisi nasi tulikuwa na shibiri, dhiraa na pima, na upana wa chumba katika nyumba za mawe za Lamu ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyopatikana, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Kila mji wa kale ulianza na mwili au na mti uliokuwepo. Kinachonivutia Bali ni kwamba elimu hiyo bado inaitwa kazini. Hoteli haiwezi kumpima kila mgeni anayeingia, na michoro yake ilichorwa kwa mita. Lakini aliyesimamisha nguzo zake alikuwa amesimamisha za nyumba na za mahekalu kabla yake, na ulinganifu ule ulihamia naye. Baraza ya vila yangu ilikuwa na kimo cha kukalia bila kujikunja na bila miguu kuning'inia. Kitanda kilielekezwa kichwa kaja, yaani upande wa mlima, ambako Gunung Agung umesimama kwa zaidi ya mita 3,000 na ambako miungu hukaa. Hakuna aliyenieleza jambo hilo wakati wa kupokelewa. Lilikuwa limefanywa tu, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kukiweka kitanda.

Mti husimamishwa kama ulivyokua: upande wa shina chini, upande wa kilele juu. Kuugeuza ni kosa, hata kama macho ya mgeni hayawezi kulitambua baada ya mbao kurandwa. Nguzo haifukiwi ardhini. Hukaa juu ya jiwe, na mihimili hupenyezwa katika matundu yake na kukazwa kwa kabari. Tetemeko likija, na Bali ni nchi ya matetemeko, viungo hivyo huyumba na kurudi. Kabari ikilegea hugongwa. Mhimili ukiliwa na mchwa hutolewa peke yake, ukawekwa mwingine, na nyumba haibomolewi. Na jengo likikamilika hufanyiwa ibada ya melaspas, kwa imani kwamba mti, nyasi na jiwe viliuawa vilipokatwa, na sasa vinaombewa uhai mpya wa pamoja. Msomaji si lazima aishike imani hiyo ili aone inachofanya kwa fundi. Mtu anayeamini kwamba jengo litapewa uhai siku ya mwisho hawezi kulijenga kwa kulipua.

Jiwe ndilo lililonifundisha zaidi. Wabali huchonga paras, jiwe laini la majivu ya volkano yaliyogandamana, linalochimbwa kwenye kuta za mabonde ya mito. Likiwa bichi hukatwa kwa shoka. Tindo huliingia bila shida, ndiyo maana malango ya hekalu na kuta za hoteli hujaa majani, mashetani yenye meno, ndege na mawingu, bila nafasi iliyoachwa wazi. Lakini jiwe linalomkubali fundi haraka hukubali mvua haraka vilevile. Katika miaka michache pua ya sanamu huanza kupoteza ukali, kuvumwani hupanda, na katika kizazi kimoja au viwili uso huwa umefutika. Mchongaji wa vijiji vya Batubulan au Singapadu anapokaa na tindo yake anajua kwamba kazi yake haitadumu kama granaiti. Anaifanya kwa ukamilifu ule ule, na mwanawe ataichonga tena.

Huko kaskazini, Kubutambahan, kuna hekalu la Meduwe Karang, na ukutani mwake kuna mtu anayeendesha baiskeli. Wengi huamini kwamba ni Nieuwenkamp, mchoraji Mholanzi aliyezunguka Bali kwa baiskeli mwaka 1904. Tetemeko la mwaka 1917 liliharibu mahekalu mengi kisiwani, na ukuta huo nao ukatengenezwa upya. Gurudumu la nyuma la baiskeli ile leo ni ua lililochanua. Mhifadhi wa makumbusho angesema mchongo wa awali umepotoshwa. Mimi naona mchongaji aliyekuwa hai, aliyepewa kazi ya kurudisha ukuta wa babu zake na akaurudisha kwa mkono wake mwenyewe. Ukuta wa namna hiyo una wachongaji wengi waliopishana kwa miaka, na hakuna hata mmoja aliyeutia saini.

Walio na majina ni wachache. I Gusti Nyoman Lempad wa Ubud, aliyefariki mwaka 1978 akiwa mkongwe ambaye inasemekana alipita miaka 100, alikuwa undagi na mchongaji kabla dunia haijamjua kwa michoro yake. Hekalu la Saraswati lenye bwawa la mayungiyungi katikati ya Ubud ni kazi yake. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wasanii cha Pita Maha, pamoja na Cokorda Gde Agung Sukawati na Wazungu wawili, Walter Spies na Rudolf Bonnet. Spies alijijengea nyumba ya nyasi na mianzi katika bonde la Campuhan, akawakaribisha humo wageni wa Ulaya na Marekani, na wengi wao walirudi makwao wakiisimulia. Mahali hapo leo ni hoteli.

Hoteli za Bali zingeweza kushika njia nyingine. Mwaka 1966 ilifunguliwa Sanur hoteli ya Bali Beach, mnara wa saruji wa ghorofa 10 uliojengwa kwa fedha za fidia ya vita kutoka Japani. Ulionekana kuwa maendeleo yenyewe. Wabali waliutazama, na baada yake ikawekwa sheria ya kwamba jengo lisizidi kimo cha mnazi, kama mita 15. Jirani yake tu, tangu mwaka 1962, Wija Waworuntu alikuwa na vibanda vya wageni vya Tandjung Sari, vya chini, vya nyasi na matumbawe, kila kimoja na ua wake. Ni vibanda vile vilivyoshinda. Mbunifu wa Australia, Peter Muller, aliifuata njia hiyo Seminyak katika miaka ya 1970, kisha Kedewatan, juu ya Ayung, ambako hoteli ya Amandari ilifunguliwa mwaka 1989 kwa mpango wa kijiji cha Kibali, vijia vya mawe ya mtoni kati ya kuta, na njia ya kale ya wanakijiji ya kushukia mtoni ikiachwa ipite humo humo. Kutoka hapo mtindo ulisambaa hadi Thailand, Maldivi na kwingineko, mara nyingi umbo likisafiri bila mafundi wake.

Nami nimeanza kuamini kwamba hoteli ya mtindo huu haiwezi kuhukumiwa ikiwa na miaka mitatu. Wakati huo kila kitu kinapendeza. Ihukumiwe ikiwa na miaka 30. Katika hoteli niliyokaa, vitu vilivyozeeka vibaya vilikuwa vile vilivyotoka kiwandani. Sanduku la kiyoyozi lilikuwa limeota kutu. Vigae vya bafuni vilivyoigiza marumaru vilikuwa vimepasuka, na kwa kuwa kiwanda kilikwisha kuacha kuvitengeneza, vilizibwa kwa vingine visivyofanana navyo. Vanishi iliyopakwa juu ya mbao ili kuzilinda ilikuwa imemeguka magamba, na chini yake mbao zilikuwa nzima kabisa. Mlango ule uliovimba alikuja kuuparura mzee mmoja na randa yake. Alimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Cha kiwandani kikifa husubiri meli ilete kingine. Nyasi, mwanzi, paras na mti wa mfenesi vilitoka umbali wa kutembea kwa miguu, na anayejua kuvifanyia kazi yuko kijijini.

Lakini kwa nini yuko bado? Hapa ndipo sifa yangu inapohama kutoka hotelini. Kama mteja wa ufundi huu angekuwa mtalii peke yake, ungekwisha zamani, au ungebaki kazi ya kuonyeshwa jukwaani. Bali ina maelfu ya mahekalu, ya familia, ya kijiji, ya mashamba ya mpunga, na hekalu huwa na sikukuu yake, odalan, ambayo kwa mengi hurudi kila baada ya siku 210 za kalenda ya pawukon. Paa la hekalu likivuja kabla ya odalan, banjar, yaani jumuiya ya mtaa, huitana. Mwenye ujuzi wa kuchonga huchonga, mwenye ujuzi wa kuezeka huezeka, asiye na ujuzi hubeba mawe, na hakuna anayelipwa. Kazi hiyo ya kujitolea huitwa ngayah. Kijana huanzia humo, akiwa mbeba nyasi, na mikono yake inajifunza chini ya macho ya watu ambao hawezi kuwadanganya kwa sababu ataishi nao hadi kufa. Hoteli humkuta akiwa fundi tayari.

Kwa hiyo anasa ile ni mkopo kutoka hekaluni. Mgeni hulipia paa, na ufundi wa paa hilo ulijifunzwa bure, kwa ibada. Niliuliza kwa nini kazi ya banda la gamelan ilisimama katikati ya juma, nikaambiwa mafundi wana odalan kijijini kwao. Nyasi zililala chini ya turubai, makombamoyo yakabaki uchi, wageni wakanung'unika. Msimamizi hakuwapigia simu mafundi. Nadhani alifanya lililo sahihi, na nadhani hoteli iliyowahi kuwanyima mafundi wake siku hizo ilikuwa inakata mti inaoukalia. Katika mzunguko huo huo wa siku 210 kuna Tumpek Landep, ambapo vyombo vya chuma hupewa heshima: majambia ya kris, tindo, mundu wa kukatia nyasi, na siku hizi hata pikipiki na magari. Vyombo husafishwa, huwekewa maua na mchele, na siku hiyo havifanyi kazi.

Sisemi kwamba utalii umeitendea Bali mema matupu. Mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakishuka ngazi kwa ngazi hadi barabarani yamefunikwa na vila, na maji yanayojaza mabwawa ya wageni ni yale yaliyopaswa kwenda mashambani. UNESCO iliingiza mandhari ya subak, vyama vya wakulima vya kugawana maji, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012, na bado mashamba yanauzwa. Vila mpya kila mwezi, nyingi zake za kukodishwa kwa miaka michache na kuachwa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuitetea hoteli kongwe. Ardhi ilikwisha kuchukuliwa. Kinachobaki ni kuitunza iliyojengwa, na kuitunza ni kuwapa kazi mafundi kwa miaka mingine 30 bila kumeza shamba jingine.

Wauzaji wa nyasi za plastiki wamekwisha kufika Bali, kama walivyofika kwetu. Hoja yao kubwa ni moto, na si hoja ya kudharauliwa, nyasi huungua. Wabali walilijua hilo, ndiyo maana jiko la nyumba yao husimama peke yake upande wa bahari, kelod, mbali na mabanda ya kulala. Na hata mnara ule wa saruji wa Sanur, wa ghorofa 10, uliungua mwaka 1993. Hoja yao ya pili ni kwamba plastiki haihitaji kuezekwa tena. Hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko moto. Paa lisilohitaji fundi litapita miaka 20 bila kumwita mtu, na siku litakapopauka na kukatika, kijana aliyepaswa kujifunza atakuwa mtu mzima anayeendesha teksi, na mzee aliyejua atakuwa amezikwa.

Haya hayako mbali nasi. Katika fukwe zetu, kutoka Malindi hadi Kilwa, tumeanza kuona makuti yasiyotoka kwenye mnazi wowote. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar viko katika orodha ya urithi wa dunia, milango ya nakshi inapigwa picha kila siku, na bado mchongaji anayetafuta mwanafunzi wa kukaa naye miaka mitano hampati kwa urahisi. Misikiti yetu, ambayo ingeweza kumtunza fundi wa nakshi na chokaa kama hekalu la Bali linavyomtunza mchongaji wa paras, hukarabatiwa kwa vigae vya kuagizwa na madirisha ya alumini. Nia ni njema, kwa kuwa kila muumini anataka nyumba ya ibada ing'ae. Lakini fundi aliyekuwa na kazi ya heshima mara moja kila miaka michache amebaki kusubiri mtalii anunue sanduku dogo.

Basi nawaomba wenye hoteli wa Diani, Watamu, Nungwi na Pangani, na kamati za misikiti vilevile: tengeni fungu la kuezua na kuezeka katika hesabu za kila mwaka, kabla ya fungu la matangazo. Mwiteni fundi wa makuti wa kijiji kilicho karibu, mlipeni bei inayomtosha kuzibananisha fito, na mwekeni sharti la kuja na vijana wawili wa kujifunza. Na wewe msomaji, ukilala chini ya paa la nyasi, popote lilipo, uliza limeezekwa lini na nani. Kama mhudumu anakijua kijiji cha fundi, rudi hoteli hiyo mwakani.